Msaada: direktori seva inakataa kuwaka kwa systemctl lakini watu wanalogin kama kawaida

MwanaNgamiani

Habari zenu wakuu, naomba msaada. Niko Tanga mjini, kuna chuo kimoja hapa nimeachiwa seva ya watumiaji, ile ambayo kompyuta zote za maabara na wifi ya walimu zinaiuliza jina na paswedi. Ni 389 Directory Server imekaa juu ya Rocky Linux 8, instansi yenyewe inaitwa chuo. Jamaa aliyeifunga alishahama na hakuacha hata kikaratasi, na simu hapokei.

Sasa shida iko hivi, umeme ukikatika na UPS ikichoka seva inazima, umeme ukirudi inawaka yenyewe na watu wanaingia vizuri tu wala hawajui kama kulikuwa na kitu. Ila mimi nikitaka kuizima kwa utaratibu ili nichukue bekapu naandika komandi ya systemd, ile inayosimamia huduma zote za Linux

systemctl stop dirsrv@chuo

inarudi kimya, haina kosa lolote, lakini watu wanaendelea kulogin tu. Nikiandika status inanijibu inactive. Haya nikasema basi kama imezima niiwashe

systemctl start dirsrv@chuo

inahangaika kidogo afu inatema failed. Sasa systemctl inasema imekufa, walimu wanasema iko hai, mimi nimsikilize nani? Hapa kwetu tuna msemo waja leo waondoka leo lakini hii yangu wala haijulikani imekuja au imeondoka 😂

Nisichotaka ni kuzima mashine nzima, maana kuna na seva ya kuprinti humo humo.

KamandaLinux

Mkuu hiyo ni sssd, programu ya kuingiza watu kwenye kompyuta za Linux, wala usihangaike. Kwenye kompyuta za maabara kama wameweka cache_credentials = true basi sssd inatunza paswedi ya mtu aliyewahi kuingia, seva ikizima bado anaingia tu kwa ile iliyotunzwa. Seva yako imezima kweli ila hawajui. Jaribu kutengeneza yuza mpya ambaye hajawahi kuingia popote uone kama ataingia.

MwanaNgamiani

Nilifikiria hilo mkuu ila nimeuliza nikiwa juu ya seva yenyewe, sijapitia kompyuta ya mtu

ldapsearch -x -H ldap://localhost -b "" -s base namingContexts

na inajibu palepale, inaleta namingContexts zake. Kitu kilichokufa hakijibu hivyo.

KamandaLinux

Ah basi nimefuta kauli, kama localhost inajibu kuna prosesi iko hai. Ila hilo la sssd liweke akilini, siku ukiizima kweli litakudanganya.

kijana_makorora

Mbona rahisi, ua kwa nguvu prosesi ya seva, pkill -9 ns-slapd afu systemctl start, umemaliza kazi unaenda zako kunywa kahawa. Mimi hiyo ndo dawa yangu ya kila kitu

binti_kaole

Hapana jamani, hapana, msimpe mtu dawa hiyo kwenye seva ya chuo 🙏

Kaka MwanaNgamiani kabla hujaua chochote tuletee vitu vitatu tuvione. Kwanza nani amekalia poti

ss -lntp | grep -E ':(389|636)'

Pili ukishapata namba ya prosesi hapo, tuseme ni 1187, muulize systemd hiyo prosesi ni ya nani. Watu wengi hawajui kwamba status inakubali namba ya prosesi, siyo jina la huduma tu

systemctl status 1187

Tatu mistari ya mwisho ya logi

tail -30 /var/log/dirsrv/slapd-chuo/errors

Mimi niko Bagamoyo, saa hizi bado niko ofisini nakusubiri.

MwanaNgamiani

Ahsante dada. Matokeo haya hapa. Poti 389 na 636 zote zimekaliwa na ns-slapd, pid 1204. Nikaandika systemctl status 1204 na jibu la juu kabisa linasema rc-local.service, sikutegemea kabisa maana nilidhani ntaona dirsrv. Na kwenye logi kila nilipojaribu kuwasha kuna mstari huu

ERR - createprlistensockets - PR_Bind() on All Interfaces port 389 failed: Netscape Portable Runtime error -5982

Hiyo Netscape imetokea wapi tena wakati mimi sina brauza kwenye seva?

binti_kaole

Haya sasa mambo yamejionyesha yenyewe.

Hiyo -5982 maana yake anuani na poti unayoitaka tayari ina mwenyewe. Kwa hiyo ns-slapd ya pili uliyotaka kuiwasha imefika mlangoni ikakuta ya kwanza imekaa, ikaondoka, ndo maana systemctl ikasema failed. Seva haina ubovu wowote, ziko mbili zinagombea kiti kimoja.

Na ya kwanza imetoka wapi? Imetoka rc.local, faili la komandi zinazoendeshwa mashine ikiwaka. Yule aliyekutangulia aliandika mstari wa kuiwasha kwa mkono ndani ya /etc/rc.d/rc.local, nina hakika ukifungua utakuta kitu cha namna hii

/usr/sbin/ns-slapd -D /etc/dirsrv/slapd-chuo -i /run/dirsrv/slapd-chuo.pid

Chekesho ni kwamba huo mstari ni uleule ambao systemd nayo inautumia, ukifungua unit ya dirsrv@ utauona karibu neno kwa neno. Programu ni ileile, faili zilezile, poti ileile, tofauti ni nani aliyeizaa. systemd inafuata prosesi kwa kundi zilikozaliwa, ikizaliwa na rc-local basi inahesabiwa ya rc-local, na ukisema stop dirsrv@chuo yenyewe inaangalia kundi la dirsrv@chuo inakuta hamna mtu, inasema sawa imezima, inarudi kimya. Haikukudanganya, uliiuliza habari za mtoto asiye wake. Na komandi za 389 yenyewe, dsctl chuo stop au dsctl chuo start, nazo zisikupe matumaini, kwenye mashine yenye systemd hizo zinapeleka kazi hukohuko kwa systemctl.

Sasa cha kufanya, na ukifanye muda ambao maabara haina watu. Fungua terminali mbili, moja iache inaonyesha logi

tail -f /var/log/dirsrv/slapd-chuo/errors

ya pili tuma ishara ya kawaida, siyo ile ya 9

kill -TERM 1204

afu mikono juu ya meza, subiri. Kwenye logi utaona inaandika slapd shutting down, inasubiri kazi zilizokuwa zinaendelea ziishe, inafunga database, mwisho kabisa inaandika slapd stopped. Huo mstari wa mwisho ndo ruhusa yako ya kuendelea, usipouona usiguse. Usije ukasema systemctl stop rc-local, itazima kweli lakini itaondoka na kila kilichozaliwa na rc.local pamoja na hiyo ya kuprinti kama nayo iko humo.

Ikishasimama ingia /etc/rc.d/rc.local weka alama ya reli mbele ya ule mstari wa ns-slapd, usiufute leo, afu

systemctl reset-failed dirsrv@chuo
systemctl enable --now dirsrv@chuo
systemctl status dirsrv@chuo

reset-failed ni kwa sababu umejaribu mara nyingi, systemd huwa inasusa ikiona unawasha kitu kinaanguka kila saa. enable ndo itakayofanya iwake yenyewe umeme ukirudi, kazi ambayo rc.local ilikuwa inaifanya kwa mlango wa nyuma. Baada ya hapo angalia logi uone slapd started na Listening on poti 389, afu rudia ile ldapsearch yako.

Na kuhusu Netscape, hii seva asili yake ni Netscape Directory Server, Red Hat waliinunua kutoka AOL mwaka 2004, ikaitwa Fedora Directory Server, mwaka 2009 ndo ikapewa jina 389 kutokana na poti ya LDAP, lugha ya kuuliza direktori. Maktaba yake ya chini inayoshughulika na soketi bado ni ileile ya Netscape, ndo maana makosa ya mtandao yanakuja na jina la marehemu.

kijana_makorora

Sawa dada ila mimi nimetumia -9 miaka na haijawahi kunikuta kitu, inawaka tu tena haraka

mzee_chumbageni

Inawaka ndiyo, lakini fungua logi usome inachosema ikiwaka. Utakuta Detected Disorderly Shutdown last time Directory Server was running, recovering database. Hapo inapitia upya kumbukumbu za miamala ili irudishe database kwenye hali ya kueleweka. Database ndogo inapita huoni, ikiwa kubwa unakaa unasubiri na watu hawaingii, na systemd nayo ikiwa imewekewa kikomo cha subira, muda ukipita kabla seva haijasema niko tayari inaiua, nayo ikiwashwa tena inarudi kuanza kurekebisha. Nimeona seva imekaa kwenye mzunguko huo asubuhi nzima, na mwenyewe kashika kiuno hajui kwa nini. Tiba yake ni kuongeza subira

systemctl edit dirsrv@chuo

unaweka chini ya [Service] mistari TimeoutStartSec=10min na TimeoutStopSec=10min, unahifadhi. Cha pili ni muhimu vilevile maana wakati wa kuzima nako systemd ikichoka kusubiri inatuma hiyohiyo -9 kwa niaba yako.

Kushusha tanga na kukata kamba ya tanga vyote vinasimamisha chombo, lakini mmoja kesho anasafiri na mwingine anashona.

kijana_makorora

Shikamoo mzee, nimekuelewa 😅 ila nikibanwa sana je, TERM nimetuma na haitaki kufa?

mzee_chumbageni

Marahaba. Ikikataa uliza kwanza inasubiri nini. Mara nyingi kuna kazi ndefu inaendelea ndani, uingizaji wa data au kujenga indeksi, au diski imejaa na haiwezi kuandika. Angalia df -h na mwisho wa logi ya errors. Ukishaangalia, ukaona haisogei kabisa na huna njia nyingine, basi -9 ipo kwa ajili hiyo, lakini ujue unachokinunua.

MwanaNgamiani

Wakuu nimerudi. Nimesubiri maabara ikafungwa nikafanya kama dada alivyosema. rc.local nimeikuta na mstari uleule kabisa, juu yake ameandika tu neno ldap na tarehe hakuna. TERM imechukua muda mfupi logi ikaandika slapd stopped, nikaenda enable --now, status sasa inasema active, ldapsearch inajibu. Nimejaribu stop safari hii imezima kweli, nikahakikisha ss haionyeshi poti 389, nikawasha tena ikawaka. Nimewasha na mashine nzima upya ili nione itaamka yenyewe na imeamka.

KamandaLinux ulisema kweli kuhusu sssd, wakati seva imezima kompyuta mbili za maabara ziliendelea kuniingiza kama hakuna kitu, ningekuwa napima kwa hizo ningechanganyikiwa upya.

Sasa nina maswali ya nyongeza. Kuna poti nataka kuibadilisha, nilihariri dse.ldif, faili la mipangilio ya seva, nikaihifadhi vizuri, nikarestati, nikafungua tena mabadiliko hayapo. Hii ilikuwa kabla ya leo. Kuna mtu anaifuta?

binti_kaole

Anayeifuta ni seva yenyewe kaka. Ikiwa inatembea mipangilio yote iko kichwani mwake, na dse.ldif inaiandika upya kutoka kichwani, ikiwemo wakati wa kuzima. Wewe unahariri, unarestati, yenyewe inazima inaandika ya kwake juu ya yako, inawaka inasoma ya kwake. Ukitaka kuhariri kwa mkono lazima izime kwanza, na izime kweli, siyo ile ya kuzima kimya ya mwanzo. Yaani stop, kisha nakili faili pembeni, kisha hariri, kisha start. Kuna na nakala inayotunzwa hapohapo inaitwa dse.ldif.startOK, hiyo ni ya mara ya mwisho iliyowaka salama, ukiharibu unarudi kwayo.

Ila kuhariri kwa mkono mimi siku hizi siupendi, dsconf ipo, komandi ya kubadilisha mipangilio seva ikiwa hai

dsconf -D "cn=Directory Manager" -W chuo config replace nsslapd-port=1389

Mingine inashika palepale bila kurestati, poti ni ile inayotaka restati. Na kwa poti isiyo ya kawaida usisahau SELinux, mlinzi wa ndani wa Linux, isipojua poti hiyo ni ya LDAP itakataa na wewe utaanza kulaumu systemctl tena

semanage port -a -t ldap_port_t -p tcp 1389

mdau_muheza

Natumia nafasi hiihii, mimi yangu ni FreeIPA na ndani yake nayo ina dirsrv hii hii. Nikitaka kurestati direktori peke yake natumia systemctl kama hapo juu au?

binti_kaole

Hapana ndugu, kwako usiingie kwenye dirsrv moja kwa moja kama huna sababu. FreeIPA ni huduma nyingi zinategemeana, Kerberos ya kuhakiki watu inasoma data zake humo humo kwenye direktori, kwa hiyo direktori ikizima peke yake wenzake wanabaki wanaongea na ukuta. Tumia ipactl stop, ipactl start, ipactl status, yenyewe inajua direktori inawaka wa kwanza na wakati wa kuzima inazima wa mwisho.

KamandaLinux

Na kwa wenye instansi zaidi ya moja kwenye mashine moja, dsctl -l inakuorodheshea majina. Ukitaka zote kwa mpigo kuna dirsrv.target, systemctl stop dirsrv.target inazima zote. Lakini jamani kwenye kuzima mimi naandika jina moja moja, nimeona mtu anazima ya majaribio kumbe kaweka target kaondoka na ya kazini. Na mkikuta maelezo ya zamani mtandaoni yanasema service dirsrv start au start-dirsrv, hizo ni za kabla, msizilazimishe kwenye Rocky 8, nahisi hata huyo jamaa wa rc.local alianzia kwenye maelezo ya namna hiyo.

MwanaNgamiani

Ahsanteni sana wallahi. La mwisho kabisa halafu niwaache, ile bekapu iliyonileta hapa. Nimepanga kila Ijumaa jioni nizime, nichukue, niwashe. Komandi sahihi ni ipi?

mzee_chumbageni

Ukizima ni

dsctl chuo db2bak

na hiyo inataka seva iwe imezima kweli, ikikuta inatembea inakataa. Matokeo yanakaa /var/lib/dirsrv/slapd-chuo/bak. Ukitaka maandishi yanayosomeka na binadamu, dsctl chuo db2ldif userRoot, nayo vilevile imezima.

binti_kaole

Ila kaka wala hukuhitaji kuizima tangu mwanzo 😄 bekapu inachukulika seva ikiwa inatembea na watu wanaingia

dsconf -D "cn=Directory Manager" -W chuo backup create

Inafanyika kama kazi ndani ya seva, inaandika kwenye bak ileile, hakuna anayekatika. Pamoja nayo nakili folda nzima ya /etc/dirsrv/slapd-chuo maana dse.ldif na vyeti vya TLS viko humo, na vyote vihamishie mashine nyingine, bekapu ikikaa diski ileile siku diski ikienda inaenda nayo.

MwanaNgamiani

😂😂 kumbe! Basi nimejua kuzima na kuwasha bure. Nimeiendesha sa hivi, folda imejaa, nahamisha kwenda mashine ya pili. Na ile UPS nimeiunganisha kwa USB kwenye seva, je ikibaki chaji kidogo itazima direktori kwa TERM au itakata tu?

KamandaLinux

Waya peke yake hausaidii, weka programu ya kuisikiliza, NUT au apcupsd kulingana na UPS yako. Chaji ikishuka yenyewe inaita kuzima mashine kwa kawaida, na systemd ikizima mashine inapita kwenye kila huduma inaipa TERM na kuisubiri, ikiwemo dirsrv@chuo kwa ile subira ya dakika 10 aliyokuwekea mzee. Sasa hakikisha chaji unayoiachia inafika hizo dakika, ukiweka izime ikibaki asilimia 5 na betri yenyewe ni ya siku nyingi itakukatia katikati. Weka mapema, hata 40.

MwanaNgamiani

Hii ya 40 naiweka leo. Ahsanteni, mods mnaweza kuweka alama imetatuliwa.